Barua pepe yenye jina la biashara yako: Zoho, Google, Microsoft au ya hosti? Ulinganisho kwa nyumba za wageni za Lamu

Mgeni aliyeko Milano au Nairobi anayetaka vyumba viwili Shela kwa wiki ya Krismasi ataongea nawe WhatsApp kwa muda mrefu, lakini ikifika saa ya kutuma amana ataomba ankara kwa barua pepe. Ankara ikitoka kwenye Gmail ya bure yenye tarakimu nne mwishoni, anasita. Ikitoka kwenye info@mfano.co.ke, jina lilelile aliloliona kwenye tovuti, kazi inaendelea. Mawakala wa safari nao huhitaji anwani isiyobadilika meneja akihama.

Domeni yenyewe, yaani jina linalofuata alama ya @, si ghali. Ya .co.ke hucheza kwenye shilingi elfu moja na kitu kwa mwaka, unainunua kwa msajili yeyote aliyeidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, na wengi wao hupokea M-Pesa. Swali gumu ni barua zenyewe zikae kwenye seva za nani. Hapa tunalinganisha njia ambazo biashara ndogo ya Lamu inaweza kuzitumia kweli: barua inayokuja na hosti ya tovuti (kampuni inayohifadhi tovuti yako), Zoho, Google Workspace, Microsoft 365, na njia ya kupeleka mbele tu. Proton na iCloud tutazigusa kidogo.

Kipimo chetu ni watu wangapi watajibu barua kwa anwani hiyo, na kwa simu gani. Ukubwa wa sanduku, ambao matangazo yote huanza nao, kwa nyumba ya vyumba sita ni jambo la mwisho kabisa.

Kwanza, domeni imesajiliwa kwa jina la nani?

Nyumba nyingi za Shela zina mwenyewe anayekaa mbali, meneja aliyeko hapa, na kijana aliyetengeneza tovuti. Mara nyingi domeni ilisajiliwa kwa akaunti ya huyo kijana. Kabla hujalinganisha huduma yoyote, hakikisha akaunti ya msajili ni ya mwenye biashara, na kwamba anwani ya kurejesha neno la siri la akaunti hiyo haiko kwenye domeni ileile. Ukiweka info@mfano.co.ke kuwa anwani ya kufungulia akaunti inayoendesha mfano.co.ke, siku barua zikikatika, msimbo wa kubadilisha neno la siri utatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Tumia Gmail binafsi ya mwenyewe kwa kazi hiyo moja.

Funguo hizo zikiwa mkononi mwako, huduma ya barua unaweza kuibadilisha mwaka wowote bila mgeni kujua. Usipokuwa nazo, hata Google ya bei ghali haitakusaidia.

Barua ya hosti

Ukilipia hosti ya tovuti yenye cPanel, ukurasa wa kuendeshea seva, barua huwa imo ndani. Unafungua anwani kumi au ishirini bila kulipia kila mtu, unalipa kwa M-Pesa mara moja kwa mwaka, na simu yoyote inaunganishwa kwa IMAP (ya kusoma barua zilizo kwenye seva) mlango 993 na SMTP (ya kutuma) mlango 465. Kwa bei, hakuna ya kuishinda.

Udhaifu wake unatokana na kushirikiana. Seva moja hubeba tovuti nyingi za watu usiowajua, na barua zenu zote hutoka kwa anwani moja ya IP, namba ya seva mtandaoni. Jirani mmoja akidukuliwa na seva ikaanza kumwaga spamu, IP huingia kwenye orodha nyeusi, na ankara yako kwenda kwa wakala wa Ulaya hurudishwa au huangukia folda ya spamu bila wewe kujua. Halafu barua na tovuti hula nafasi moja ya diski: picha za vyumba zikijaa, au faili za akiba za tovuti zikirundikana, barua mpya zinakataliwa. Na hosti ikiisha muda, tovuti na barua hufa siku moja.

Inafaa kwa anwani zisizo na presha, mfano ya kupokea maombi ya kazi. Kwa anwani inayopokea amana za wageni, sisi hatungeitegemea.

Zoho

Zoho Mail ina mpango wa bure kwa domeni moja, watu wasiozidi 5, GB 5 kwa kila mmoja. Mpango huo hautolewi kila eneo, kwa hiyo angalia kama unaonekana unapojisajili. Kinachowashangaza watu ni kwamba mpango wa bure hauna IMAP wala POP, ile njia ya kushusha barua kwenye kifaa kimoja. Maana yake huwezi kuiweka anwani hiyo ndani ya programu ya Gmail ya simu yako wala ndani ya Outlook ya laptopu. Utatumia programu ya Zoho yenyewe au kivinjari. Meneja mwenye simu moja hatajali. Mhasibu aliyezoea Outlook atalalamika kila siku.

Ukitaka IMAP, kuna Mail Lite, takriban dola 1 kwa mtu kwa mwezi ukilipa mwaka mzima. Watu watatu ni dola 36 kwa mwaka kabla ya VAT, kama shilingi 4,700 ukikadiria dola kwa 130. Kwa nyumba ya wageni yenye watu wawili au watatu wanaojibu barua, hili ndilo chaguo letu la kwanza.

Tahadhari moja: Zoho ina vituo vya data tofauti, na rekodi, yaani mistari ya kuelekeza barua za domeni yako, hutofautiana kufuatana na kituo ulichosajiliwa. Akaunti ya zoho.com hutumia mx.zoho.com, mx2.zoho.com na mx3.zoho.com, ya Ulaya huishia na .eu. Mtu akinakili rekodi kutoka video ya mtandaoni badala ya ukurasa wa akaunti yake, barua haziingii na hakuna ujumbe wa kosa unaoeleza kwa nini.

Google Workspace na Microsoft 365

Hizi mbili bei zake zinakaribiana: kati ya dola 6 na 9 kwa mtu kwa mwezi kwa vifurushi vya chini, kutegemea kama umejifunga mwaka au unalipa mwezi kwa mwezi, kisha VAT ya 16%. Watu watatu kwa dola 7 ni dola 252 kwa mwaka, karibu shilingi 33,000 kabla ya kodi. Tofauti na Zoho Lite ni kubwa, kwa hiyo lazima kuwe na sababu ya kuilipa.

Sababu ya Google ni mazoea. Kila mfanyakazi tayari anaijua Gmail, kichujio chake cha spamu ni kizuri, na simu za Android hazihitaji programu mpya. Kifurushi cha Starter kina GB 30 kwa mtu, lakini hizo ni za barua, Drive na picha kwa pamoja.

Wengi hulipia Google zaidi ya inavyohitajika. Wanataka info@, booking@ na accounts@, wananunua leseni tatu, kumbe anayezisoma zote ni meneja yuleyule. Leseni moja inaruhusu hadi lakabu 30, yaani anwani za ziada zinazoingia kisanduku kilekile, bila malipo ya nyongeza. Nunua leseni kwa idadi ya watu, si kwa idadi ya anwani. Nyumba yenye mtu mmoja anayejibu itakuwa na Google kwa takriban dola 84 kwa mwaka, na hapo ulinganisho na Zoho unabadilika kabisa.

Microsoft inaipiku Google mahali pamoja: sanduku la pamoja. Unaweza kuunda info@ kama sanduku lisilohitaji leseni yake, lenye hadi GB 50, na watu wawili wenye leseni wakalifungua kila mmoja kwa neno lake la siri. Meneja akiondoka, unafunga akaunti yake. Barua za info@ zinabaki palepale na hakuna neno la siri la kubadilisha kwa watu wote. Google ina njia zake za kufanya hivyo kwa vikundi, lakini si laini kama hii. Mahali ambapo mapokezi hubadilisha watu kila msimu, jambo hili lina thamani kuliko GB.

Bei yake ni usumbufu wa uthibitisho wa hatua mbili. Akaunti mpya za Microsoft humtaka kila mtu aweke programu ya uthibitisho kwenye simu. Ni ulinzi mzuri, ila simu ya mapokezi ikizama njiani kwenda Manda na hakuna mwingine mwenye haki za usimamizi, biashara nzima inafungiwa nje. Weka wasimamizi wawili, mmoja awe mwenye nyumba. Kwa Google, chapa ile misimbo ya akiba kwenye karatasi uiweke na leseni ya biashara. Usitegemee SMS pekee.

Kupeleka mbele tu

Fundi wa kuchonga milango, au nahodha mwenye jahazi moja la matembezi, huenda hahitaji sanduku jipya kabisa. Cloudflare hutoa bure huduma ya kupokea barua za domeni yako na kuzipeleka kwenye Gmail yako ya kawaida, mradi DNS ya domeni, orodha ya rekodi zake, iwe imehamia kwao. Inachukua dakika kumi.

Kasoro iko kwenye kujibu. Huduma hiyo hupokea tu. Ukijibu kwa Gmail ya bure, mgeni anaona anwani yako ya Gmail. Kuna ujanja wa kuiambia Gmail itume kwa jina la domeni kupitia seva yake yenyewe. Barua hutoka, lakini saini ya ndani ni ya gmail.com, haioani na domeni yako, kwa hiyo kipimo cha DMARC, kinachoangalia kama barua kweli imetoka kwa mwenye domeni, kinashindwa. Barua chache zitafika, nyingine zitaishia spamu. Itumie kama wageni wako huandika mara moja kisha mkahamia WhatsApp. Kwa ankara, hapana.

Proton Mail Plus, dola 4 hadi 5 kwa mwezi, ni ya mtu mmoja: GB 15, domeni moja, anwani 10, na usiri kuliko zote hapa. Ukitaka Outlook lazima usakinishe programu yao ya Bridge kwenye kompyuta. Na mwenye iPhone anayelipia iCloud+ tayari, hata kile kifurushi cha GB 50, anaweza kuongeza domeni yake bila gharama nyingine, anwani tatu kwa mtu kwa kila domeni. Kwa mwenye biashara asiye na wafanyakazi ni nafuu isiyojulikana na wengi.

Rekodi: kazi ni ileile popote utakapoenda

Huduma zote zitakupa rekodi za aina nne za kuweka kwenye DNS. TXT ya kuthibitisha kuwa domeni ni yako. MX ya kuelekeza barua zinazoingia. SPF, inayosema ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. DKIM, saini ya kila barua inayotoka. Ya tano, DMARC, utaiandika mwenyewe. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wawe na SPF, DKIM na DMARC, zote tatu. Wewe hutafika 5,000, lakini weka zote tatu hata hivyo.

Kwa Google, kwa mfano, zinaonekana hivi:

MX: jina @, kipaumbele 1, thamani smtp.google.com
TXT: jina @, thamani v=spf1 include:_spf.google.com ~all
TXT: jina google._domainkey, thamani ni ule ufunguo mrefu kutoka ukurasa wa usimamizi
TXT: jina _dmarc, thamani v=DMARC1; p=none; rua=mailto:info@mfano.co.ke

Maelezo ya zamani hutaja rekodi tano za MX zenye neno ASPMX. Bado zinafanya kazi. Akaunti mpya hupewa moja.

Ugumu unaanza hapa. Kosa la kwanza ni kuhariri mahali pasipo. Domeni inaweza kuwa imenunuliwa kwa kampuni moja huku seva zake za majina zikielekea kwa hosti au Cloudflare. Rekodi unazoziweka kwa msajili hazisomwi na mtu. Kwenye kompyuta andika `nslookup -type=ns mfano.co.ke`, majina yatakayotokea ndiyo yanayoonyesha pa kwenda.

Kosa la pili ni jina. Sehemu nyingi za DNS huongeza domeni zenyewe, kwa hiyo ukiandika _dmarc.mfano.co.ke unapata _dmarc.mfano.co.ke.mfano.co.ke. Baada ya kuhifadhi, soma jina lilivyotokea, si ulivyoliandika.

La tatu, MX ya zamani kuachwa. Ikibaki pamoja na mpya, barua nyingine zitaenda sanduku jipya, nyingine la zamani, bila mpangilio, na mgeni ataapa kwamba alituma. Futa za zamani zote.

La nne, SPF mbili. Domeni inaruhusiwa moja tu. Zikiwa mbili, seva inayopokea huziona zote kuwa batili. Ukitaka tovuti nayo itume barua, unganisha ndani ya mstari mmoja: `v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.25 ~all`, ukiweka IP halisi ya hosti yako. Na kuna kikomo cha maulizo 10 ya DNS ndani ya SPF, kwa hiyo usiendelee kuongeza include kila unapojaribu huduma mpya, toa uliyoihama.

La tano ndilo linalotafuna biashara za wageni kimyakimya, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Umehamia Google au Zoho, majaribio yote yamepita, barua kutoka Gmail zinaingia. Lakini maombi ya chumba yanayojazwa kwenye fomu ya tovuti yako hayafiki. Sababu: tovuti bado iko kwenye seva ya cPanel, na seva hiyo bado inaamini kwamba yenyewe ndiyo nyumbani kwa barua za mfano.co.ke. Fomu inapotuma kwa info@mfano.co.ke, seva haiulizi MX. Inaitupa barua kwenye sanduku la zamani lililo ndani yake, ambalo hakuna anayelifungua tena. Dawa yake iko cPanel, sehemu ya Email Routing: badilisha kutoka Local Mail Exchanger kwenda Remote Mail Exchanger. Kisha jaza fomu mwenyewe uone. Na kabla hujafuta lile sanduku la zamani, lifungue. Huenda humo mna wageni wa wiki mbili wanaosubiri jibu.

DKIM usiinakili kwa simu. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazokubaliwa katika kipande kimoja cha TXT. Baadhi ya kurasa huukata zenyewe vizuri, nyingine huumega katikati bila kukuambia. Ukishindwa, tengeneza wa biti 1024. Kwa Google, huenda ukasubiri kati ya saa 24 na 72 tangu kuwasha Gmail kabla ya kupata ufunguo huo. Ukishaweka rekodi, rudi ubonyeze kitufe cha kuanzisha saini. Wengi huweka rekodi wakasahau kitufe.

Kwa walio Cloudflare: rekodi ya A (inayotaja IP ya seva) inayoitwa mail, kama ipo, iwe na alama ya wingu la kijivu. La chungwa huzuia IMAP na SMTP.

Kuhama bila kupoteza barua

Wakati mzuri ni masika, Aprili hadi Juni, nyumba nyingi zinapopumzika. Usihame Desemba.

Siku moja kabla, shusha TTL ya MX, idadi ya sekunde ambazo seva nyingine huikumbuka rekodi. cPanel huiweka 14400, yaani saa nne. Iweke 300. Fungua akaunti zote na lakabu zote kwenye huduma mpya kabla ya kugusa MX, maana barua ya booking@ ikifika kabla booking@ haijaundwa, inarudishwa kwa mgeni ikiwa na maneno kwamba anwani haipo.

Barua za zamani zinahamishwa kwa zana za Google, Zoho au Microsoft kutoka seva hadi seva, kwa hiyo hazili bando lako. Unatoa tu anwani ya IMAP ya zamani na neno la siri. Ila kama mhasibu alikuwa akitumia POP, barua za miaka zinaweza kuwa zimo kwenye laptopu yake peke yake. Muulize kabla ya kuhama, na mzinakili kwanza.

Jaribu kwa kutuma barua kwenda Gmail ya mtu wa nje. Aifungue kwa kompyuta, abonyeze vitone vitatu, achague kuona ujumbe halisi. Juu patakuwa na mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja uwe na neno PASS. Kisha ajibu, uone kama inarudi. Pitia pia akaunti zinazotegemea anwani hiyo, za Booking.com, Airbnb na iTax, uombe kila moja ikutumie ujumbe.

Iache DMARC kwenye p=none kwa wiki chache, usome ripoti zinazoingia. Zikionyesha seva zako zote zinapita, badilisha iwe p=quarantine, hapo matapeli wanaotuma ankara za uongo kwa jina la nyumba yako wataanza kuangukia spamu. Akaunti ya hosti ya zamani ilipie mwezi mmoja zaidi, uwe unaifungua kila Ijumaa.